Kula vizuri kati ya Kisutu na Kariakoo

Msomaji mmoja ametuandikia kutoka Upanga, jijini Dar es Salaam. Amehamia huko hivi karibuni akitokea Mbeya, ofisi yake iko karibu na kituo cha mwendokasi cha Kisutu, na anasema kwamba tangu afike amekuwa akila chipsi kuku mchana na jioni, ilhali kila apitapo mitaani ananusa vyakula ambavyo hata majina yake hayajui. Orodha za intaneti alizozifuata zimempeleka kwenye mahoteli ya Masaki, ambayo kwake ni mbali na ni ghali. Anauliza atazitambuaje sehemu nzuri za kula katika eneo lenye watu wa kila asili, atalilindaje tumbo lake, na amlishe nini mama yake mzazi atakayekuja kumtembelea, ambaye hali pilipili na amezoea ndizi za Tukuyu.

Ndugu msomaji, eneo unaloishi na kulifanyia kazi ni miji miwili inayopakana. Utawala wa Wajerumani, na baada yake ule wa Waingereza, uliigawa Dar es Salaam kwa asili ya watu: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini upande wa magharibi, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi ili uwe kizuizi baina ya Uhindini na Kariakoo. Mgawanyo huo hauna nguvu ya sheria tena, lakini mahekalu, misikiti na jamatini, yaani nyumba za ibada za Waismailia, zilibaki zilipojengwa, waumini wake wakaendelea kukaa au kufanya biashara jirani, na waliowapikia wakabaki karibu nao. Ndiyo maana hadi leo ukitoka Mtaa wa Kisutu ukavuka Mnazi Mmoja kwa miguu, mwendo usiofika hata nusu saa, unakuwa umeliacha jiko la Kigujarati ambalo halijawahi kuingiza nyama na kulikuta jingine linaloianza siku kwa supu ya makongoro.

Kwa miaka mingi nimefundisha upishi wa biashara na kukagua majiko ya watu, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uache kuuliza ni hoteli ipi iliyo nzuri. Katika eneo hili swali hilo halikufikishi mbali, kwa sababu karibu kila jiko lina chakula kimoja au viwili ambavyo linavipika kwa ajili ya watu wake na kwa saa yao, na vingine vyote vilivyoandikwa ubaoni vimeongezwa ili mteja asipite bila kuingia. Jiulize badala yake: hapa wanapika nini, wanampikia nani, na huyo anayepikiwa hula saa ngapi? Ukifika kwa chakula hicho na kwa saa hiyo, utakula vizuri hata kwenye banda la mabati. Ukifika kwa chakula kingine au kwa saa nyingine, utaletewa mabaki hata kama umekaa chini ya kiyoyozi.

Nianze na asubuhi, kwa kuwa wageni wengi wa jiji huipitisha kwa chai na andazi tu. Ng'ombe wanaonunuliwa katika mnada wa Pugu huchinjwa Vingunguti, na nyama huingia katika bucha za mjini mapema kabisa, kwa hiyo wapika supu wa Kariakoo wanakuwa na mifupa, utumbo na miguu ambayo haijakaa. Supu huanza kuuzwa saa kumi na mbili alfajiri, na ifikapo saa tatu ile nzuri huwa imekwisha. Anayekuuzia saa tano huenda ameshatia maji mara ya pili na kurudishia ladha kwa chumvi na kiungo cha pakiti. Supu ya makongoro ina kipimo chake: ukiinywa na midomo ikaanza kunata kidogo, ujue miguu hiyo imechemka kwa saa nyingi hadi ute wa mifupa ukatoka, ikiwa nyepesi na mafuta yakaelea juu peke yake, imeharakishwa. Kunywa na chapati iliyotoka kwenye kikaango mbele yako, na usione haya kuiacha ile iliyokwisha kupangwa kwenye beseni tangu usiku.

Mchana ni wa mama lishe, ambao wengine bado wanawaita mama ntilie. Hapa ndipo utakapokula mara nyingi zaidi, na hapa ndipo ninapotaka uwe na jicho kali. Tazama kwanza wanaokula. Mbeba mizigo wa Mtaa wa Congo na kijana wa duka la Msimbazi hula kwa fedha yao wenyewe, hula hapohapo karibu kila siku, na hawana nafasi ya kuumwa tumbo. Wakiwa wamejaa kwenye mabenchi ya mtu mmoja huku jirani yake akipunga nzi, hukumu imeshatolewa. Kundi la watu waliovaa vitambulisho vya ofisini si ushahidi wa uzito uleule, kwa sababu mara nyingi wamefuata kivuli, viti na ukaribu.

Baada ya watu, tazama idadi ya sufuria. Mpishi mwenye wali, ugali, maharage, mboga moja ya majani na vitoweo viwili anaweza kuvimaliza vyote kabla ya saa tisa. Mwenye vyakula kumi na vitano lazima baadhi vilale. Mimi humwamini zaidi mama anayeniambia saa nane kwamba samaki wamekwisha kuliko yule ambaye hakosi kitu hadi jioni. Wewe uliyetoka Mbeya utakuwa na faida moja ambayo wenzako wa ofisini hawana: mchele wa Kyela utaujua kwa harufu kabla hujakaa, na utamjua upesi mpishi anayeuchanganya na mchele wa bei ndogo. Mboga nayo husema mengi, kwa kuwa kisamvu hakipikiki kwa haraka. Kisamvu kilichotwangwa vizuri na kuiva katika tui ni dalili ya mtu aliyeamka mapema na asiyekwepa kazi, na mtu wa namna hiyo hawezi kukuharibia maharage.

Samaki wanahitaji maelezo zaidi, maana ndio wanaowaangusha wengi. Soko la Feri liko karibu, na mnada wake wa asubuhi ndio unaowalisha wapishi wa katikati ya jiji, kwa hiyo changu au kibua wa mchana ana nafasi kubwa ya kuwa wa siku hiyo. Tatizo huanza jioni, pale samaki aliyebaki anaporudishwa kwenye mafuta. Macho na mashavu hayakusaidii tena kwa samaki aliyekaangwa, lakini mkia hukusaidia: ukiwa mkavu kama kuni na mweusi kuliko mwili, amekaangwa zaidi ya mara moja. Nyama ya samaki mzuri huachana na mfupa wa mgongo kwa vipande safi, wala haibomoki kama unga. Fuata pia bahari yenyewe. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, mashua ndogo hazitoki sana, na siku za mbalamwezi wavuvi wanaotumia taa hupunguza kazi kwa sababu dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga wao. Siku kama hizo samaki wa bei ya kawaida hutia shaka, na mtu mwenye busara hula maharage.

Sasa tuje kwenye mtaa wako wa kazi, ambao nadhani ndio uliokuandikisha barua. Mtaa wa Kisutu una mahekalu ya Wahindu, na kuyazunguka kuna majiko ya mboga tupu yanayopikia Wagujarati wa Dar es Salaam. Mboga tupu hapa maana yake ni kwamba hakuna nyama, kuku, samaki wala yai, na baadhi ya wateja wake, hasa Wajaini na wafuasi wa Swaminarayan, hawali hata kitunguu wala kitunguu saumu. Usiingie na mfuko wa mishkaki ukidhani hakuna atakayejua. Mchana agiza sinia la chakula kamili, ambalo wenyewe huliita thali: linakuja na chapati nyembamba zilizopakwa samli, wali, dengu za mchuzi, mboga mbili au tatu, kitafunwa cha kukaanga, achari, na mtindi mwepesi uliotiwa chumvi na bizari nzima. Mhudumu hupita na vyungu akiongeza kile kilichokwisha, na humzuii kwa maneno bali kwa kuweka kiganja juu ya bakuli.

Jambo moja huwashangaza watu wa bara. Dengu za Kigujarati hutiwa sukari guru pamoja na kitu kichachu, ndimu au ukwaju, na anayeonja kwa mara ya kwanza hudhani mpishi amekosea kopo. Hakukosea. Kula pamoja na achari na chapati, usile peke yake, na kufikia kijiko cha tano utaelewa kwa nini sukari ile imewekwa. Kama huna muda wa kukaa, pita saa kumi jioni, maana wakati huo vitafunwa vinatoka jikoni: kachori, bhajia, na zile keki laini za dengu zilizopikwa kwa mvuke na kunyunyiziwa haradali. Vitafunwa vya saa nne asubuhi kwenye kabati la kioo si vibaya, lakini mara nyingi ni vya jana.

Jua likizama, mitaa ileile hubadilika. Maduka ya vipuri na vitambaa hufungwa, majiko ya mkaa hutolewa barazani, na kuanzia baada ya sala ya magharibi moshi wa mishkaki hutanda kutoka Morogoro Road hadi mitaa ya Libya na Jamhuri. Hiki ni chakula cha familia za Kihindi za Kiislamu, na ukiona wazazi wamekaa kwenye gari au kwenye viti vya plastiki pamoja na watoto na bibi, mahali hapo ni salama kwa mtu wa aina yoyote. Nyama iliyolala kwenye papai bichi na tangawizi ikipita muda hugeuka kuwa uji mdomoni, kwa hiyo mishkaki mizuri bado ina ukinzani kidogo wa meno. Omba na nundu, kama ipo. Kuku wa mkaa usimkubali aliyeiva nusu na kuwekwa pembeni akisubiri mteja, ambaye atapashwa moto ngozi tu huku kwenye paja akiwa wa uvuguvugu. Subiri apikwe mwingine, nao wapishi wa hapa hawachukii ukisema hivyo kwa adabu. Katika maeneo hayohayo utapata urojo wa mtindo wa Unguja, na kwenye kona za Kariakoo supu ya pweza, ambayo wanaume huinywa kwa imani ambayo sitaijadili hapa.

Wiki nayo ina siku zake. Biriani ya kweli ni kazi ya siku nzima, kwa kuwa rosti ya nyama hupikwa mbali na wali na kukutanishwa mwishoni, na wapishi wengi wa hapa huipika kikamilifu siku ya Ijumaa tu, kwa ajili ya watu wanaotoka msikitini. Wengi huuza kitu kiitwacho biriani kila siku. Kile cha Jumanne nina mashaka nacho. Katika mwezi wa Ramadhani majiko mengi hufunga mchana, nawe utafanya vyema ukila ofisini badala ya kutafuna njiani mbele ya waliofunga. Jioni yake ndiyo saa bora ya mwaka mzima kwa mtu anayetaka kuonja: magimbi na mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati, uji wenye pilipili manga na boko boko la ngano na nyama huuzwa barazani kuanzia saa kumi na moja, na watu waliopika kwa ajili ya nyumba zao huongeza sufuria moja kwa ajili ya wapita njia.

Kariakoo ina tabaka jingine ambalo haliandikwi popote, nalo ni la wafanyabiashara wageni. Wanaokuja kununua mzigo kutoka Lubumbashi hufikia katika nyumba za wageni za Kariakoo na jirani zake, na palipo na Wakongo kumi patapatikana mtu wa kuwapikia bukari, yaani ugali wao, sombe, yaani kisamvu, na samaki wa chumvi. Wachina wenye maghala nao wana vijumba vyao vya kulia, ambavyo menyu yake inayofaa ni ile iliyoandikwa Kichina. Onyesha kwa kidole kile kinacholiwa meza ya pili. Sehemu hizi huhama haraka, kwa hiyo ulizia upya kila zinapopita miezi kadhaa.

Namna ya kuulizia ina umuhimu wake. Ukimwendea mwenye duka ukamuuliza wapi kuna chakula kizuri, atakutazama viatu na kukuelekeza anakodhani mtu wa viatu hivyo anastahili. Muulize yeye mwenyewe mchana hula wapi, au chakula cha kijana wake wa dukani huletwa na nani. Mzee mpe shikamoo yake kwanza, na kwenye kijiwe cha kahawa nunua kikombe kabla ya kuuliza. Orodha za intaneti zina kazi moja tu ninayoiheshimu, nayo ni kukuonyesha picha za karibuni ili ujue kama mahali bado papo. Nyota zake hutolewa kwa kiasi kikubwa na watu waliofika mara moja, kwa saa isiyo yake, wakaudhiwa na foleni.

Kuhusu tumbo, watu wengi huogopa kitu kisichostahili. Supu inayotokota na wali unaopakuliwa ukitoa mvuke ni miongoni mwa vyakula salama kuliko vyote mtaani. Hatari iko pembeni ya sahani: kachumbari iliyokatwa asubuhi na kuoshwa kwa maji ya ndoo, chatini ya nazi mbichi ambayo huchacha ndani ya saa chache, barafu ya kwenye juisi, na sahani zinazotumbukizwa katika beseni moja la maji ambayo rangi yake imeshabadilika. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kihifadhiwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60, na kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Hotpoti iliyofungwa vizuri hutimiza sharti hilo kwa muda, lakini sufuria iliyofunikwa kwa sinia hailitimizi. Wali uliobaki ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu bakteria wake huacha mbegu zisizouawa na mchemko wa kwanza, na sumu wanayoitengeneza ukiwa umekaa haiondoki kwa kuupasha moto. Kwa hiyo wali wa kukaanga wa usiku, kwenye kibanda kilichouza wali mweupe mchana, mimi siuli.

Angalia vilevile mahali pa kunawa. Ndoo yenye koki na sabuni kando yake, au binti anayekumiminia maji kwa jagi, ni dalili nzuri. Bakuli la maji linalopita kutoka mkono hadi mkono silo. Mafuta ya kukaangia yakiwa meusi na yenye povu lisilotulia, yametumika kupita kiasi, na hapo hata chipsi zako za kila siku zinakuumiza kuliko supu unayoiogopa. Wakati wa masika, maji yanapofurika Jangwani na hofu ya kipindupindu kurudi jijini, acha kabisa vitu vibichi na juisi za barabarani hadi mvua zikatike.

Nimalizie na mama. Usimpeleke Kariakoo siku ya Jumamosi, maana msongamano utamchosha kabla ya kula. Ndizi zipo tele jijini, kwani zinashushwa Mabibo kutoka Kilimanjaro, Bukoba na huko kwenu Rungwe, lakini wanaoziuza zikiwa zimepikwa katikati ya jiji wengi ni Wachaga, kwa hiyo mweleze mapema kwamba atakutana na mtori uliopondwa na nyama, au ndizi nyama zenye mchuzi mzito, na kwamba vyote viwili kwa kawaida havina pilipili ndani. Mfikishe saa sita na nusu, kabla ya foleni, mahali penye kiti chenye mgongo. Kisutu pia anaweza kula bila kuumia akiagiziwa khichdi, yaani wali uliopikwa laini pamoja na choroko, na mtindi pembeni. Mishkaki ya barabarani iache, kwa kuwa pilipili imo tangu kwenye viungo vya kulazia na mpishi hawezi kuiondoa. Jioni moja mwagizie kuku wa kupaka, ambaye Wahindi wa pwani hii humchoma kwanza kisha kummiminia tui zito lenye bizari na ndimu. Piga simu asubuhi, sema wazi kwamba unataka bila pilipili mbichi, na uchukue mkate wa kuchovya badala ya wali.